BARZA YA MWALIMU: Mjeledi wa Khalifa na Ulimi wa Mwanachuoni



Ndugu zetu wasomaji, akina baba na akina mama, nanyi vijana mnaosomewa ukurasa huu baada ya sala ya Isha, leo nataka kulipa deni. Deni lenyewe si la fedha, ni la jawabu.

Mwezi uliopita, katika darasa ya jioni, tulikuwa tukisoma habari za Maimamu wanne. Tulipofika kwa Imam Ahmad bin Hanbal, Mwenyezi Mungu amrehemu, tukasoma namna alivyofungwa minyororo na kupigwa mijeledi kwa amri ya Khalifa wa Waislamu, kijana mmoja wa miaka kumi na minne akainua mkono. Akasema: "Mwalimu, umetufundisha kuwa ni wajibu kumtii mwenye amri, na Khalifa ndiye Amiri wa Waumini. Basi Imam Ahmad alipoikataa amri yake, je, alikosa au hakukosa?"

Nakiri mbele yenu ya kuwa swali lile lilinikuta sina jawabu tayari. Na badala ya kusema kuwa sina, nalimwambia yule kijana anyamaze, asijitie katika mambo ya wakubwa. Wenzake wakamcheka. Naye akainamisha kichwa, na kwa muda wa wiki mbili hakuinua mkono tena.

Usiku ule usingizi haukunijia upesi. Nikajiuliza: je, si jambo hili khasa ndilo Imam Ahmad aliloteswa kwalo, ya kuwa mwenye fimbo amnyamazishe asiye na fimbo, kisha adhani ameshinda kwa hoja? Nikavirudia vitabu vyangu, na haya ninayoyaandika mwezi huu ni jawabu la kijana yule. Huenda mkawa nalo haja katika nyumba zenu pia.

NENO "KHALIFA"

Khalifa maana yake ni mwenye kushika pahali pa mwenzake baada yake. Alipofariki Mtume wetu, Sala na Amani zimshukie, katika mwaka wa 11 wa Hijra (632), Waislamu walimpa mkono wa utii Sayyidna Abubakar. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimwita Khalifa wa Mwenyezi Mungu, naye akalikataa jina hilo, akasema kuwa yeye ni Khalifa wa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na hilo lamtosha. Na katika khutba yake ya kwanza aliwataka watu wamsaidie akienda sawa na wamnyoshe akienda kombo, akawajulisha kuwa utii wao kwake umefungamana na utii wake yeye kwa Mungu na Mtume wake.

Tuyapime maneno hayo. Mtume alikuwa na kazi mbili: kupokea wahyi na kuufikisha, na kuwaongoza watu katika mambo yao ya vita na amani, mali na hukumu. Alipofariki, wahyi ulikatika, lakini haja ya kuongozwa haikukatika. Basi Khalifa alirithi uongozi. Je, alirithi pia kauli ya mwisho juu ya maana ya dini? Katika zama za Makhalifa wanne waongofu swali hili halikuonekana sana, kwa sababu Abubakar, Umar, Uthman na Ali walikuwa wao wenyewe ni masahaba wakubwa na wenye elimu. Mtu aliyekuwa akitawala ndiye yule yule aliyekuwa akiulizwa hukumu ya dini. Mlango ulikuwa mmoja.

Baadaye milango ikawa miwili. Katika mwaka wa 41 (661) utawala ulishikwa na Bani Umayya, na makao yake yakawa Damascus. Dola ilienea, hata ikafika Andalus upande wa machweo na Sindi upande wa mawio. Abdulmalik bin Marwan, aliyetawala toka mwaka 65 hadi 86 (685–705), alijenga Kuba ya Mwamba katika Baitul Muqaddas, akaifanya Kiarabu kuwa lugha ya madiwani, na akapiga sarafu za Kiislamu. Katika baadhi ya sarafu za zama zake mtawala ameitwa Khalifa wa Mwenyezi Mungu. Tazameni: jina lile alilolikataa Sayyidna Abubakar likapigwa chapa juu ya fedha!

Na wakati huo huo, katika misikiti ya Madina na Makka, Kufa na Basra, walikuwako watu wasio na askari wala hazina, wakikusanya hadithi za Mtume na kuzichunguza, wakifundisha sala na mirathi, nikahi na biashara. Mwislamu wa kawaida alipotaka kujua halali na haramu hakwenda kwenye jumba la mtawala. Alikwenda kwenye nguzo ya msikiti, aliko mwanachuoni.

WANAVYUONI MBELE YA BANI ABBASI

Bani Abbasi waliwaondoa Bani Umayya katika mwaka wa 132 (750), nao walijinasibu sana na ukoo wa Mtume na na kuisimamisha dini. Khalifa wao wa pili, Al-Mansur, ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Baghdad katika mwaka wa 145 (762). Kwake yeye wanavyuoni wakubwa walionja utamu na uchungu wa kuwa karibu na mtawala. Imam Abu Hanifa alikataa ukadhi, akatiwa kifungoni, akafa Baghdad katika mwaka wa 150 (767). Imam Malik alipigwa mijeledi mjini Madina na liwali wa zama hizo.

Lakini imepokewa pia kuwa Khalifa alitaka kukifanya kitabu cha Imam Malik, Al-Muwatta, kuwa ndicho sheria moja ya dola yote, na watu wote walazimishwe kukifuata. Ni mwanachuoni gani asiyetamani heshima hiyo? Imam Malik akakataa. Alisema kuwa masahaba walitawanyika katika miji, na watu wa kila mji wamekwisha pokea elimu kutoka kwao, basi waachwe na walichopokea. Huyu ni mtu aliyekuwa na hakika ya elimu yake, na juu ya hivyo hakutaka iingizwe katika vichwa vya watu kwa nguvu za serikali.

Wala tusidhani ya kuwa kila aliyeingia katika mlango wa mtawala aliiuza dini yake. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliupokea ukadhi, akawa Kadhi Mkuu katika zama za Harun Rashid. Alimwandikia Khalifa huyo kitabu juu ya kodi ya ardhi, akamuusia awaogopee Mungu raia wake na asiwatoze kwa dhuluma. Mmoja alikaa mbali ili aseme kweli, na mwingine alikaa karibu ili aiseme. Lililo muhimu ni kuwa kweli isemwe.

KHALIFA MSOMI

Sasa twafika kwa Al-Mamun, mwana wa Harun. Alishika ukhalifa katika mwaka wa 198 (813), baada ya vita vikali na nduguye Al-Amin, aliyeuawa katika vita hivyo. Vijana wasimdhanie kuwa alikuwa mtu jahili. Alikuwa msomi mwenye akili kali. Aliwapenda watu wa elimu, na katika zama zake vitabu vingi vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu, nyota zikapimwa Baghdad na Damascus, na Al-Khwarizmi akaandika kitabu chake cha hisabu ya al-jabr. Watoto wanaoumizwa vichwa na aljebra shuleni wamjue aliyewaletea!

Al-Mamun alielekea kwenye kauli ya kundi la wanavyuoni walioitwa Muutazila. Hao walishikilia sana akili katika mambo ya itikadi, na mojawapo ya kauli zao ni kuwa Qurani imeumbwa. Walikhofu kuwa mtu akisema Qurani haina mwanzo atakuwa ameweka kitu kingine cha milele pamoja na Mwenyezi Mungu. Watu wa hadithi wakasema: Qurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na maneno yake si kiumbe. Siandiki leo ili kuliamsha jambo hilo. Wanavyuoni wamekwisha liandikia majuzuu, na wako Waislamu hata leo wenye kauli mbalimbali. Neno langu ni juu ya njia aliyoitumia Khalifa.

Katika mwaka wa 212 (827) Al-Mamun aliitangaza kauli hiyo. Kama angaliishia hapo, ingalikuwa ni rai ya mtu mmoja msomi. Lakini katika mwaka wa 218 (833), alipokuwa katika safari ya vita na Warumi, alimwandikia liwali wake wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim, awakusanye makadhi na kuwauliza mmoja mmoja: je, Qurani imeumbwa au haikuumbwa? Katika barua yake alisema kuwa ni haki iliyo juu ya Khalifa kuisimamisha dini, na kuwa watu wengi wa kawaida ni wajinga wasioweza kujijulia. Kadhi asiyekubali asihukumu. Shahidi asiyekubali, ushahidi wake usipokewe.

Waarabu waliliita jambo hili Mihna. Neno hilo na neno letu "mtihani" asili yao ni moja. Lakini mtihani wa shule hutaka kujua ulilonalo kichwani. Mtihani wa Al-Mamun ulitaka kukitia kichwani kile alichokitaka yeye.

WALIOKUBALI NA WALIOKATAA

Kwanza walipelekwa kwa Khalifa wanavyuoni saba, miongoni mwao Yahya bin Main, bingwa wa kuchunguza wapokezi wa hadithi, na Muhammad bin Saad, mwandishi wa kitabu kikubwa cha habari za masahaba. Wote saba wakakubali. Tusiwacheke, sisi ambao upanga haujawekwa shingoni mwetu. Kisha Ishaq aliwakusanya wengine Baghdad. Baadhi yao walijaribu kuponyoka kwa maneno, wakisema kuwa Qurani ni maneno ya Mungu, bila ya kuongeza. Barua nyingine ikaja na vitisho, na wote wakakubali isipokuwa wanne. Wale wanne wakatiwa minyororo. Kesho yake mmoja alikubali akafunguliwa, na kesho kutwa mwingine. Wakabaki wawili: Imam Ahmad bin Hanbal, aliyekuwa na umri wa miaka 54, na Muhammad bin Nuh, aliyekuwa kijana kuliko yeye.

Wawili hao walipandishwa ngamia, wakapelekwa katika minyororo kuelekea Tarsus, kwenye mpaka wa Warumi, wakasimame mbele ya Khalifa mwenyewe. Kabla hawajamfikia, khabari zikaja kuwa Al-Mamun amekufa, katika mwezi wa Rajab wa mwaka ule ule. Wakarudishwa. Njiani Muhammad bin Nuh aliugua akafa, na Imam Ahmad akamsalia. Akarudi Baghdad peke yake, na minyororo yake.

Aliyeshika ukhalifa alikuwa Al-Muutasim, ndugu wa Al-Mamun. Yeye alikuwa mtu wa jeshi, hakuwa mtu wa vitabu, lakini nduguye alimuusia aiendeleze Mihna, na Kadhi Mkuu wake, Ahmad bin Abi Duad, alilishikilia jambo hilo. Imam Ahmad alikaa kifungoni yapata miezi 28. Kisha akaletwa mbele ya Khalifa na wanavyuoni wake, wakajadiliana naye siku baada ya siku. Jawabu lake lilikuwa moja: wamletee kitu katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu au katika Sunna ya Mtume wake, naye atakisema. Hakutaka wamletee kauli ya Khalifa. Hakutaka hata wamletee kauli yake yeye mwenyewe.

Hoja zilipokwisha, mjeledi ukaletwa. Alipigwa hata akazimia, na waliopokea khabari hizi wamesema kuwa ulikuwa mwezi wa Ramadhani naye amefunga. Baada ya hapo aliachiwa, akarudi kwake na majeraha ambayo alama zake hazikumtoka maishani.

Iko khabari moja ambayo nawaomba wazazi wawasimulie watoto. Imepokewa kuwa Imam Ahmad alikuwa akimwombea dua mara kwa mara mtu mmoja aitwaye Abul Haytham. Mwanawe akamwuliza mtu huyo ni nani. Akamjibu kuwa ni mwizi mashuhuri. Siku alipokuwa akipelekwa kupigwa, mwizi yule alimvuta nguo, akamwambia kuwa yeye amepigwa mara nyingi mno kwa kumtii Shetani kwa ajili ya dunia, na akasubiri. Basi Imam naye asubiri kwa kumtii Mungu kwa ajili ya dini. Tazameni, ndugu zangu, siku ile Kadhi Mkuu alikuwa upande wa mjeledi, na maneno ya kumtia nguvu Imam yakatoka kinywani mwa mwizi.

SHARI ILIVYOZIDI

Al-Muutasim aliyahamisha makao yake kwenda Samarra katika mwaka wa 221 (836). Alipokufa katika mwaka wa 227 (842), mwanawe Al-Wathiq akaizidisha Mihna. Imam Ahmad aliacha kufundisha, akajificha, kisha akajifungia nyumbani.

Hapa jambo hili latugusa sisi watu wa pwani. Wengi wetu twasali na kuozesha kwa madhehebu ya Imam Shafii, aliyefariki Misri katika mwaka wa 204 (820). Mwanafunzi aliyeshika pahali pake pa kufundisha aliitwa Al-Buwayti. Mtu huyo alichukuliwa kutoka Misri hata Iraq katika minyororo kwa sababu ya Mihna, akafia kifungoni katika mwaka wa 231 (846). Imepokewa kuwa kila Ijumaa, akisikia adhana, alikuwa akioga na kuvaa nguo zake, akaenda mpaka mlango wa gereza. Mlinzi humrudisha, naye humshuhudisha Mwenyezi Mungu kuwa ameuitika mwito wake, wao ndio waliomzuia. Kijana usiyekwenda Ijumaa kwa sababu ya jua, mkumbuke Al-Buwayti.

Na katika mwaka huo wa 231 (845), Waislamu na Warumi walibadilishana mateka kwenye mto wa Lamis, karibu na Tarsus. Mateka wa Kiislamu walikuwa wametengwa na watu wao, wakingojea kukombolewa. Walipofika ukingoni waliulizwa swali lile lile: je, Qurani imeumbwa? Aliyekubali alikombolewa, na aliyekataa aliachwa mikononi mwa Warumi. Khalifa aliyejipa kazi ya kuilinda dini akawa anawakataa watoto wa dini hiyo kwa ajili ya neno moja ambalo wengi wao hawakupata hata kulisoma. Hapo ndipo unapofika utawala unapotaka kumiliki nyoyo.

Sasa angalieni alivyofanya Imam Ahmad wakati huo. Wanavyuoni wa Baghdad walimjia nyumbani kwake, wakamwambia kuwa hawaridhiki tena na uongozi wa Al-Wathiq. Nafasi ya kulipa kisasi ikamjia mpaka mlangoni, naye akaikataa. Aliwausia walichukie jambo hilo katika nyoyo zao, wasiondoe mkono katika utii, wala wasimwage damu za Waislamu. Mwenzake mmoja, Ahmad bin Nasr, alifuata njia nyingine. Alikusanya watu wa kuinuka, siri ikafichuka, akakamatwa na kuuawa Samarra na Al-Wathiq kwa mkono wake katika mwaka huo huo wa 231. Mungu awarehemu wote.

MJELEDI WABADILISHA MKONO

Al-Mutawakkil alipotawala katika mwaka wa 232 (847), aliiondoa Mihna, na baada ya miaka kiasi ya miwili akakataza kabisa mijadala ile. Watu wa hadithi wakafurahi. Lakini msidhani kuwa mtawala akikubaliana na kauli yako basi amekwisha kuwa mwadilifu. Katika mwaka wa 236 (850) Al-Mutawakkil huyo huyo aliamuru libomolewe kaburi la Sayyidna Husein, mjukuu wa Mtume, huko Karbala, na watu wakazuiwa kulizuru. Mjeledi haukutupwa. Ulibadilisha mkono tu.

Imam Ahmad aliyajua hayo, naye hakupumbazwa na neema kama alivyokuwa hakuvunjwa na mateso. Khalifa alimwita Samarra, akamkirimu, akampelekea fedha na vyakula. Yeye akafunga saumu, na fedha akazigawa sadaka. Wanawe walipopokea posho ya serikali, alijitenga na chakula chao. Yasimuliwa kuwa siku moja aliletewa mkate, akauliza umewiva upesi namna gani, akaambiwa kuwa tanuri la mwanawe Saleh lilikuwa tayari na moto. Basi akauacha, hakuula. Alikhofu kuwa tumbo lililoshiba cha mtawala hutafuta njia ya kumpendeza. Na juu ya yote hayo imepokewa kuwa alimsamehe Al-Muutasim. Alifariki Baghdad katika mwaka wa 241 (855), na mazishi yake yalijaa watu. Kitabu chake, Al-Musnad, kina maelfu ya hadithi na kingali kikisomwa, na hukumu za madhehebu yake zafuatwa hata leo.

Baada ya Mihna, haikuwa rahisi tena kwa Khalifa kuwaamrisha Waislamu itikadi kwa barua. Mtawala alibakiwa na kazi yake kubwa: kulinda mipaka, kutengeneza njia, kuweka makadhi, kuzuia dhuluma. Maana ya dini ilibaki kwa wenye elimu, nao hawana askari wa kuwalazimisha watu. Wana dalili tu, na kila mmoja wao hujibiwa na mwenziwe.

JAWABU

Basi kijana wangu, Imam Ahmad hakukosa. Fungua Suratun Nisaa, aya ya 59. Humo waumini wameamrishwa kumtii Mwenyezi Mungu, na kumtii Mtume, na wenye amri miongoni mwao. Kisha aya yaendelea: mkikhitilafiana katika jambo, lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Wenye amri wametajwa katika utii, lakini hawakutajwa katika pahali pa kurudishia khitilafu. Imam Ahmad aliisoma aya hiyo yote. Alimtii Khalifa kwa kutoinua upanga, na alimtii Mungu kwa kutosema asiloliamini. Mwenye kushika nusu ya kwanza tu huwa mtumwa wa wakubwa. Mwenye kushika nusu ya pili tu aweza kuwasha moto asioweza kuuzima.

Wazee wetu wana methali: mwenye nguvu mpishe. Ni methali ya hekima, nami sikatai. Mpishe njiani, mpishe penye mali na cheo. Lakini usimpishe ndani ya moyo wako, kwani humo hana njia.

Nasi wenye amri ndogo ndogo, tujitazame. Baba ni khalifa nyumbani kwake, mama ni khalifa, na mwalimu ni khalifa katika darasa yake. Tuna haki ya kutiiwa. Mtoto akiambiwa aamke kusali, aamke. Akiambiwa afagie ua, afagie. Lakini mara ngapi tumemshika mtoto sikio na kumwambia: "Sema umefahamu!" naye akasema "Nimefahamu" ili aachiwe, na hakufahamu kitu? Fimbo hutoa sauti, haitoi imani. Na mtoto aliyezoea kusema "naam" kwa khofu mbele ya baba yake, kesho atasema "naam" mbele ya kila mwenye fimbo, hata akiamrishwa la haramu. Akija na swali, na tulijibu. Tusipolijua, tuseme hatulijui, tulitafute pamoja naye. Heshima yetu haitapungua kwa hilo.

Alkhamisi iliyopita nalimwita kijana yule mbele ya wenzake wote, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomdhulumu. Nikamtaka radhi, nikampa jawabu hili nililowaandikia nyinyi. Darasa ikanyamaza kimya. Nikamwuliza kama ameridhika. Akafikiri kidogo, kisha akainua mkono tena!

"Mwalimu," akasema, "na wale waliokubali kwa kuogopa, je, walitoka katika dini?"

Nikafurahi moyoni kuliko nilivyoonyesha usoni. Nikamwambia afungue Suratun Nahl, aya ya 106, aone namna Mwenyezi Mungu alivyomtoa katika lawama aliyelazimishwa na hali moyo wake umetulia katika imani. Yahya bin Main alikubali kwa khofu, na wanavyuoni wameendelea mpaka leo kuitegemea elimu yake ya hadithi. Imam Ahmad alichukua daraja ya juu, na aliyeshindwa kuifikia hakufungiwa mlango wa rehema.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutasema juu ya makadhi wa zama hizo na namna walivyokuwa wakihukumu. Mwenye swali na aulize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watawala uadilifu, awape wanavyuoni ushujaa, na atupe sisi wazazi na waalimu subira ya kuwasikiliza wadogo zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.